Mbavu za Asegedech

Mwaka ule Asegedech binti Shiferaw alipigwa picha tatu kabla ya mvua kubwa, na mbili za kwanza zilileta heri. Ya kwanza ilisafiri hadi mji wa Dessie ndani ya bahasha. Watu wa Dessie waliipokezana mkono kwa mkono, bibi mmoja akaisogeza karibu na taa ili atazame meno, kisha wakasema binti huyu tumempenda, tunamtaka kwa kijana wetu. Ya pili, ndogo kama kiganja cha mtoto, ilibandikwa kwenye maombi ya kazi ya ofisi ya simu, na huko nako wakamtaka. Ya tatu ilikuwa ya kifua. Ofisi ya simu haikumruhusu msichana yeyote aingie chumba cha kuunganishia laini bila picha ya kifua, kwa kuwa chumba chenyewe kilikuwa kidogo na pumzi za humo zilikuwa za wote.

Mbili za kwanza alizipiga baba yake. Shiferaw alikuwa na studio pale Gulele, upande wa Addis Ababa unaopanda mlimani: chumba cha mbele chenye dirisha la kioo, nyuma yake chumba cha giza kilichonuka siki, na nyuma ya hicho nyumba aliyokaa na mkewe Wolansa na huyo binti yao wa pekee. Kazi alifundishwa na Mwarmenia mmoja wa Arada, naye alijivunia kazi hiyo waziwazi. Kila mwenye haja alijua njia ya kwake: maharusi, wenye kutaka vitambulisho, majirani waliogombania ukuta na kutaka hakimu auone huo ukuta, hata mwalimu wa chuo cha kilimo aliyeleta mabua ya ngano yenye kutu yapigwe kwa karibu, kila kidoa kionekane. Na waliofiwa. Hao walikuja na kipicha cha marehemu kilichokunjika pembe, wakataka kikuzwe, kiwe kikubwa cha kubebwa kifuani siku ya kilio. Shiferaw alijua kumfumbua marehemu macho kwa ncha ya penseli, kumvisha tai ambayo hakuwahi kuivaa, kumfuta ndui usoni.

"Kwangu mimi," alipenda kusema, "hakuna doa lisilotoka."

Kwa hiyo siku Daktari Halvor wa hospitali alipoitundika picha ya kifua cha Asegedech mbele ya taa na kuweka kidole chake kirefu chini kidogo ya mtulinga wa kulia, Shiferaw hakuogopa. Alikunja uso kama fundi anayeonyeshwa kazi ya fundi mwingine.

"Hapa pana kivuli," alisema daktari. Alikuwa Mnorwei aliyekaa nchini miaka mingi. Kiamhari chake kilikuwa kizuri, ila hakikuwa na haraka. "Nafikiri ni kifua kikuu. Kimeanza tu, hakijafika mbali. Nataka alazwe."

"Hicho si kivuli, daktari."

"Ni nini basi?"

"Dawa. Aliyeosha filamu hii hakuitikisa sawasawa, dawa ikatuama mahali pamoja. Doa la dawa nalijua kama ninavyomjua mke wangu."

Daktari aliitazama tena picha, bila kukasirika. "Filamu huharibika, ni kweli. Basi tumpige nyingine sasa hivi tuone."

Hapo Shiferaw angeweza kukubali, na mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini mlango ulikuwa wazi, nje pamejaa watu waliosubiri zamu, mmoja wao mteja wake, na neno kifua kikuu lilikwisha kutamkwa kwa sauti.

"Mkishajifunza kuosha, tutarudi," alisema, akamshika binti yake mkono.

Walipofika barabarani Asegedech aliuliza, "Na kama si doa, Baba?"

"Mpiga picha ni nani hapa, mimi au wewe?"

"Ni wewe."

"Basi."

&nbsp;

Mvua zikaanza. Ofisi ya simu ilingoja picha ya kifua, ikachoka, ikamchukua msichana mwingine. Shiferaw alisema ofisi ni nyingi, na kwamba mtu mwenye mwandiko kama wa Asegedech hawezi kulala njaa katika nchi hii. Binti akikohoa, baba alilaumu moshi wa kuni mbichi. Wolansa akikaanga buni na binti akakohoa tena, alilaumu buni.

"Buni hii hii tumekaanga tangu azaliwe," alisema Wolansa.

"Basi ni baridi."

"Gauni lake la Pasaka limekuwa kama gunia kiunoni. Nalo ni baridi?"

Shiferaw aliingia chumba cha giza akafunga mlango. Chumba kile kilikuwa na faida hiyo: hakuna aliyethubutu kukifungua.

Mambo yalifumuka siku ya harusi ya watu wengine. Bibi harusi alikuwa amekwisha kukaa mbele ya pazia lililochorwa ngazi za kifalme, mashangazi wamejaa studio, na Asegedech, kama kawaida yake, aliinama kuipanga shela iangukie begani vizuri. Kikohozi kilimjia ghafla. Aligeuza uso, akaziba mdomo kwa mkono, lakini alichelewa. Kwenye kitambaa cheupe palitua matone matatu mekundu, madogo, yenye kung'aa.

Kisha shangazi mmoja akapiga kelele, "Mariamu Mtakatifu! Mvueni! Mvueni hiyo shela upesi!" Bibi harusi akaanza kulia, na wanja wake ukamtiririka hadi shingoni. Wakatoka wote kwa kusukumana, wamejiziba pua kwa ncha za shama zao, zile nguo nyeupe za kujitanda, na shela wakaiacha sakafuni.

Asegedech alisimama pale pale, ameficha kiganja nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari.

"Samahani, Baba," alisema.

Neno hilo Shiferaw hakulisahau. Maana ni yeye aliyestahili kulisema, na hakulisema.

Asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya hospitali. Walipiga picha nyingine. Daktari Halvor aliitundika karibu na ile ya kwanza, na safari hii hakuweka kidole popote, kwa kuwa hapakuwa na haja. Kile kivuli kilikuwa mahali pale pale, ila kimekua, na katikati yake palikuwa na kitundu. Daktari hakutaja dawa wala kuosha. Angemkumbusha ingekuwa nafuu. Shiferaw angepata mtu wa kumkasirikia.

"Anapona?" aliuliza mwishowe.

"Sasa kuna sindano ambazo zamani hatukuwa nazo. Wengi wanapona. Atachomwa kila siku, kwa miezi mingi. Lakini wodi ya wanawake imejaa. Nitamwita kitanda kikipatikana."

&nbsp;

Kungoja kitanda ndiko kulikowafundisha Gulele ni nini.

Hakuna aliyewatukana. Afadhali wangetukanwa. Mama muuza maziwa alianza kuyaacha juu ya jiwe, mbali na mlango. Dada mkubwa wa mtaa, Etye Mentwab, mwanamke mnene mwenye sauti, kiongozi wa wanawake katika chama cha mazishi cha mtaa, alikuja akasimama uani, hakutaka kiti.

"Dada yangu Wolansa, tumesikia una mgonjwa," alisema. "Tumeona zamu yako ya kupika injera za chama upumzike. Uwe na nafasi ya kumtunza mtoto."

"Sikuomba kupumzika, Etye."

"Tunakuonea huruma tu."

"Huruma yenu naiona. Mbona imesimama mbali hivyo?"

Mentwab akajifanya hakusikia, akaisifu miti ya uani, akaenda zake.

Huko mbele, studio ilikuwa na koti moja jeusi na tai moja, mali ya umma. Nusu ya wanaume wa Gulele walikuwa ndani ya koti hilo kwenye vitambulisho vyao. Siku moja alikuja kijana aliyetaka picha ya kuomba udereva. Shiferaw alimpa koti. Kijana alilishika kwa vidole viwili, akalirudisha msumarini taratibu.

"Nipige hivi hivi, Gashe," alisema, akimwita kwa heshima kama kaka mkubwa.

"Na shati limetoboka kola?"

"Hivi hivi tu. Wanataka uso, hawataki koti."

Wiki hiyo hiyo Ato Demissie, ndugu wa mbali aliyekuwa mshenga, alirudi kutoka Dessie. Alikunywa kahawa nusu kikombe na kuzungumzia bei ya nafaka ya teff kwa kirefu kabla hajatoa bahasha mfukoni.

"Wamesema msiwafikirie vibaya. Wamesema binti ni mzuri, ukoo mzuri, watu wazuri. Ila wamesema picha si vizuri ikae kwao, huenda mnaihitaji."

"Tuna negativu yake," alisema Shiferaw. "Wangeichana."

"Kuchana picha ya mtu aliye hai ni mkosi, ndugu yangu."

Asegedech alinyoosha mkono mwenyewe akaichukua. Aliitazama kwa muda, yule msichana mwenye mashavu na mkufu wa kuazima. "Hata mimi ningemrudisha," alisema. "Huyu simjui." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Ato Demissie akakumbuka ghafla kwamba ana safari.

&nbsp;

Wolansa alilisema jambo lake Jumamosi, mumewe akisafisha lenzi.

"Mpige picha."

"Nani?"

"Mwanao. Mpige picha kubwa. Avae nguo nyeupe, kichwa wazi, nywele nimsuke mwenyewe."

"Za kazi anazo, na ya Dessie ipo."

"Ile ya Dessie anacheka." Wolansa aliketi kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. "Siwezi kuibeba inayocheka."

Ndipo Shiferaw alipoelewa. Kitambaa kilimdondoka.

"Wolansa!"

"Usinipigie kelele. Wangapi umewaona wamekuja hapa wakilia, wana kipicha kama ukucha, wanakuomba uwatengenezee uso? Mimi ni mke wa mpiga picha. Nije kukuomba umchore mwanangu kwa penseli? Mpige sasa, mashavu bado yapo."

"Hafi!"

"Ulisema pia ni doa la dawa."

Alilisema kwa sauti ndogo, na halikuhitaji kubwa. Shiferaw alishika meza. Wote wawili hawakuwa wamemwona Asegedech amesimama kwenye pazia la mlango, amejifunika shuka zito la gabi mpaka kidevuni.

"Mpigie Mama picha yake," alisema binti. "Moyo wake utulie. Mimi haitaniua."

Akasukwa nywele. Akavaa nyeupe. Akakaa mbele ya ngazi za kifalme, na mama yake akamrekebishia mikunjo ya shama mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Shiferaw akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi cha kamera. Mle ndani, kwenye kioo, binti yake alikuwa kichwa chini miguu juu, kama kila mtu aliyewahi kukaa pale, akimtazama bila woga na bila tabasamu, kama alivyoagizwa. Shiferaw alikaa chini ya kile kitambaa muda mrefu. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na wanawake wawili walitazama ukutani kwa adabu.

Alipotoka alisema, "Tayari."

Siku chache baadaye Wolansa aliulizia ile picha.

"Sahani ya picha ilipasuka nikiiosha."

"Ilipasuka."

"Ndiyo."

Wolansa alijua sauti ya kifuniko cha lenzi kikitolewa, kwani aliisikia kila siku ya ndoa yake. Na siku ile hakuisikia. Alichota maji, akaenda kuosha vyombo. Hakuiulizia tena.

&nbsp;

Kitanda kilipatikana mwezi wa Meskerem, mvua zilipokoma, maua ya njano yakiwa yametanda mlimani kote. Hospitali ya kifua ilikuwa juu, katikati ya mikaratusi, ambako wanawake wachukuzi wa kuni hushuka wameinama chini ya mizigo yao. Kila Jumapili baada ya kanisa Shiferaw na mkewe walipanda na kapu la injera na mchuzi wa shiro. Mwanzo walikuwa wakikaa uani kama watu waliokuja polisi. Sindano zilimfanya Asegedech asikie mlio masikioni na kutapika, na kuna Jumapili alikataa kula, akasema anataka kurudi kufa nyumbani kwenye harufu ya siki.

"Harufu hiyo hata mimi siipendi," baba yake alimwambia. "Kula."

Kulikuwa na mgonjwa mmoja mzee kutoka vijijini Menz, mkulima, jina lake Ayalneh. Alimsikia Asegedech akimtaja baba yake mpiga picha, akamwomba Shiferaw kwa aibu: kwao waliambiwa aliyepanda mlima huu hashuki, na huenda mkewe amekwisha kunyoa nywele za msiba. Asiyejua kusoma atamwaminije mwandishi wa barua? Lakini uso hauhitaji kusomwa. Jumapili iliyofuata Shiferaw alipanda na kamera begani. Alimpiga Ayalneh amesimama, ameshika kikombe cha chai kuonyesha kwamba anakunywa mwenyewe. Picha ikaenda Menz na dereva wa lori. Baada ya majuma kadhaa mke wa Ayalneh alitokea langoni, kichwa kimenyolewa kweli, kuku kwapani, akimtukana mumewe kwa furaha mbele ya wodi nzima: "Mbwa wewe! Nimekulilia, nimekupikia matanga, nimechinja ng'ombe, nawe uko huku unakunywa chai!"

Tangu hapo kamera haikukaa nyumbani Jumapili. Wagonjwa walijipanga ukutani, wakiombana vitana. Shiferaw hakuchukua malipo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumgusa mtu kwa penseli. Aliyekonda alitoka amekonda. Walitaka watambulike.

Kwaresima ilipokaribia, Daktari Halvor alimwita chumbani akatundika picha za kifua, moja baada ya nyingine, kuanzia ile ya siku ya kwanza.

"Unaona?"

Shiferaw aliondoa kofia. "Nionyeshe wewe, daktari. Mimi hizi sijui kuzisoma."

Daktari alimtazama kidogo, kisha akamwonyesha kwa subira, mbavu kwa mbavu. Hapa kivuli kimekua. Hapa kimesimama. Hapa kinarudi nyuma. Na hii ya juzi: palibaki uzi mweupe tu, kovu, kama mshono kwenye nguo iliyoshonwa vizuri.

"Naweza kukuomba hizi?" aliuliza Shiferaw.

"Mbili nitakunakilia. Za nini?"

"Bado sijui," alisema, na ulikuwa ukweli.

&nbsp;

Asegedech alirudi nyumbani baada ya Pasaka, ana mwili, ana cheti cha daktari kisemacho hamwambukizi mtu. Cheti hicho hakuna aliyekisoma, kwa kuwa hakuna aliyekuja. Maziwa bado yalikaa juu ya jiwe. Koti bado lilining'inia. Ofisi ya simu ilimjibu kwa heshima kwamba ajaribu tena mwaka ujao.

Mwezi uleule idara ya afya ilileta gari lenye mashine ya eksirei, likaegeshwa karibu na soko la kuni, ili watu wa Gulele wapigwe picha za kifua bure. Muuguzi mmoja aliketi nje ya gari kwenye meza yenye kalamu mpya, na kalamu hazikupungua wino. Mtaani walisema mashine ile inanyonya damu. Walisema ukionekana na doa unachukuliwa saa hiyo hiyo na nyumba yako inapigwa chokaa. Waliokuwa hawaamini hayo walikuwa na hofu yao nyingine, nayo haikuwa uongo hata kidogo: walikuwa wamemwona Asegedech.

"Wanaogopa kuwa mimi," alisema Asegedech jioni ya pili, wakila. "Si mashine."

"Waache wakohoe," alisema Wolansa.

"Mama, aliyeficha ugonjwa wake hana dawa. Sisi tulificha, tukapoteza mvua nzima."

Shiferaw aliacha kumega injera. Ilikuwa mara ya kwanza jambo lile kutajwa mezani. "Mimi ndiye niliyeficha," alisema. "Nilikufanya ukohoe kwa ajili ya jina langu. Nisamehe, mwanangu."

Asegedech alikata kipande cha injera, akakichovya kwenye mchuzi, akakikunja vizuri, akamlisha baba yake mdomoni, kama wanavyolishana watu wa nyumba moja. Kisha akafuta vidole akasema, "Zile picha mbili za daktari ziko wapi? Dirisha letu lina maharusi watupu. Toa bibi harusi mmoja."

Wolansa alielewa kabla ya mumewe. "Utatundika mbavu zako barabarani? Mbavu za binti yangu, walevi wa pombe ya tela wazitazame?"

"Uso wangu ulikwenda mpaka Dessie ukarudishwa. Mbavu zangu zikae hapa hapa."

"Nani atakuoa, wewe mtoto?"

"Atakayepita, akazitazama, asikimbie."

Wolansa akamgeukia mumewe. "Na wewe umenyamaza?"

"Natafuta balbu," alisema Shiferaw, na alikuwa amekwisha kusimama.

Walitoa maharusi wote. Kwenye kioo walitundika picha mbili za kifua, taa nyuma yake, kushoto chenye kivuli, kulia chenye kovu. Katikati Shiferaw aliweka picha mpya ya uso wa binti yake, aliyoipiga asubuhi ile, na safari hii kifuniko cha lenzi kilisikika nyumba nzima. Chini Asegedech aliandika kwa mwandiko wake mzuri: *Huyu ni mimi. Na huyu ni mimi. Gari liko sokoni hadi Jumamosi.*

Asubuhi walianza watoto, na baada ya watoto mlevi, na baada ya mlevi wachukuzi wa kuni walioweka mizigo chini ili kutazama. "Mbavu za mtu aliyefunga Kwaresima mbili mfululizo!" mmoja alipiga mzaha, watu wakacheka. Asegedech alitoka akasimama mlangoni, mbele yao wote, na kicheko kikapungua.

"Hii nyeusi-nyeupe ndiyo nini?" aliuliza mchukuzi wa kuni, mwanamke mkavu.

"Hewa ni nyeusi, mfupa ni mweupe. Na hapa, huyu ndiye mgeni aliyekuwa ndani yangu."

"Ametoka?"

"Ametoka kwa sindano. Aliaga kwa shida."

Yule mwanamke akajigusa kifua chake mwenyewe, chini ya kamba ya mzigo. Akanyanyua kuni zake, akaondoka kuelekea sokoni, na hakuna aliyejua kama anakwenda kuuza au kupigwa picha. Lakini adhuhuri muuguzi alionekana akiazima kalamu.

Siku ya tatu, wakati hapakuwa na watu dirishani, alikuja Etye Mentwab. Alisimama mbele ya kioo, amejifunga shama mpaka puani. Alitazama kivuli. Alitazama kovu. Alitazama barabara upande huu na upande ule. Kisha aliingia studio, yeye aliyekuwa hajavuka kizingiti kile tangu mwaka uliopita, na alipofungua mdomo ile sauti yake ya kuamrisha mazishi haikuwemo.

"Gashe Shiferaw, huwa nakohoa," alisema. "Tangu Krismasi. Nimewaambia nyumbani ni pilipili."

Wolansa alikuwa ametokea kwenye pazia la ndani. Alikuwa na mengi ya kusema, na alikuwa ameyapanga kwa muda mrefu. Alimtazama mwanamke yule mnene, akaona jinsi nguo ilivyomlegea mabegani. Akavuta kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakiweka si mbali.

"Kaa kwanza, dada," alisema.

Mentwab aliketi. "Mwanangu," alimwambia Asegedech, akitazama mikono yake, "utanisindikiza? Peke yangu miguu inagoma."

"Twende sasa hivi, Etye, foleni ni fupi."

"Hivi hivi? Mtu anavaa nini kwa picha ya namna hiyo?"

"Havai kitu cha maana. Unasimama umeegemea kibao, baridi kidogo. Halafu wanakwambia vuta pumzi, nyingi, uishike."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka waseme achia."

Asegedech akamshika mkono, wakatoka, wakapita mbele ya dirisha na kuteremka polepole kuelekea soko la kuni, mwembamba na mnene, macho ya mtaa mzima yakiwa juu yao. Shiferaw alisimama mlangoni akiwatazama hadi kwenye kona. Ilibidi mkewe amguse bega na kumwambia, "Pumua, wewe," ndipo alipogundua kwamba yeye pia alikuwa ameishika.